Kipimo cha mate, kifuko cha rangi na leza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vifaa vya polisi vya kupima dawa za kulevya, na faragha yako

Majibu haya yanahusu hasa Uingereza na Marekani, ambako polisi wamevitumia vifaa hivi kwa miaka mingi na mahakama zimevijadili kwa kina. Australia, Kanada, Tanzania na Kenya zinatajwa pale zinapohusika. Ukiwa na kesi mkononi, tafuta wakili wa mahali ulipo.

Vifaa vyenyewe ni vya aina gani?

Vipo vya aina nne, na watu huvichanganya. Kipimo cha mate humpima mtu: je, dawa imo mwilini mwake? Vitatu vilivyobaki hupima kitu. Kifuko cha rangi hupima unga au kidonge kwa kemikali zinazobadilika rangi. Leza ya mkononi husoma mwanga unaorudi kutoka kwenye unga. Mashine ya kunusa hupima chembe zilizofutwa kwa kitambaa kutoka kwenye begi, usukani au kiganja.

Anza kwa kujua umepimwa na kipi, maana kila kimoja kina makosa yake na sheria yake.

Kipimo cha mate kinafanyikaje?

Uingereza kinachotumika sana barabarani ni DrugWipe, kijiti cha plastiki chenye ukubwa wa kalamu nene, kinachotafuta bangi na kokeni. Utaratibu wake ni huu:

1. Askari anauliza kama umekula, umekunywa au umevuta chochote katika dakika 10 zilizopita. Ukijibu ndiyo, inabidi asubiri.
2. Anafungua pakiti iliyofungwa. Namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi huchapishwa juu yake.
3. Kichwa cha kukusanyia kinapitishwa juu ya ulimi na ndani ya shavu mara chache. Mate yanayohitajika hayafiki hata tone.
4. Kichwa kinarudishwa kwenye kijiti, kichupa cha kimiminika kilichomo ndani kinavunjwa kwa kubonyezwa, kijiti kinasimamishwa wima kwa sekunde kadhaa kisha kinalazwa mahali tambarare.
5. Mnasubiri kama dakika 8.

Ndani ya kijiti mna ukanda wenye kingamwili zinazonasa dawa husika, kwa kanuni ileile ya kipimo cha mimba au cha malaria. Tofauti iko kwenye usomaji. Vipimo vingi vya dawa za kulevya vya kununua dukani husomwa kinyume: mstari ukikosekana ndipo umekutwa na dawa. Kwenye DrugWipe, mstari ukitokea ndiyo dalili ya dawa. Pia upo mstari wa udhibiti ambao lazima uonekane kila mara. Usipoonekana, kipimo kimeharibika na hakina jibu, wala si kwamba umesalimika.

Kinachoharibika mara nyingi ni vitu vidogo. Kinywa kikavu hakitoi mate ya kutosha, na bangi yenyewe hukausha kinywa. Kusoma kabla ya muda huficha mstari hafifu. Kuchelewa kupita kiasi huleta kivuli kinachofanana na mstari. Kijiti kilichoegemezwa kwenye dashibodi kwa kuinama hupeleka kimiminika upande mmoja. Na mstari mwekundu uliopauka, ukisomwa chini ya taa za bluu zinazozunguka usiku, unaweza kumpa kila msomaji jibu lake.

Kanada ilianza na mashine kubwa zaidi, Dräger DrugTest 5000, iliyoidhinishwa mwaka 2018. Hii husoma kaseti yenyewe, hivyo macho ya askari hayahusiki. Lakini imeundwa kufanya kazi kati ya nyuzijoto 4 na 40, na majira ya baridi ya Kanada hushuka chini ya hapo kwa mbali, kwa hiyo lazima itumike ndani ya gari lenye joto.

Mate yangu yameonyesha bangi, damu haikufikia kiwango. Nani kakosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Ukivuta bangi, moshi huacha THC, yaani kiini cha bangi kinacholevya, moja kwa moja kwenye ngozi laini ya kinywa. THC hupenda mafuta, hivyo hung'ang'ania pale, na kiasi kinachotoka kwenye damu kuingia kwenye mate ni kidogo mno. Kijiti kinasoma masalia ya moshi. Maabara inasoma damu. Vipimo viwili, maswali mawili.

Sheria ya England na Wales, iliyoanza kutumika tarehe 2 Machi 2015, inahesabu damu peke yake. Ukomo ni mikrogramu 2 za THC kwa lita ya damu, 10 za kokeni na 50 za benzoilekgonini, yaani mabaki ya kokeni baada ya mwili kuivunja. Hayo mabaki ndiyo huwaponza wengi. Kokeni hutoweka mapema, mabaki yake hudumu, na mtu aliyelala na kuamka akijiona mzima bado anaweza kuwa juu ya ukomo.

Kifuko cha rangi kinakosea wapi?

Hiki ndicho tunachokiamini kidogo kuliko vyote, na ndicho cha bei rahisi kuliko vyote. Marekani kimoja huuzwa kwa takriban dola 2. Ni mfuko mgumu wa plastiki wenye vichupa viwili au vitatu vya kioo. Askari anatia unga kidogo, anavunja vichupa kwa mpangilio, anatikisa, analinganisha rangi na kadi.

Kitendanishi cha Marquis, mchanganyiko wa fomalini na asidi kali ya salfa, huwa zambarau kwa heroini na mofini, na rangi ya chungwa kuelekea kahawia kwa amfetamini. Kobalti thayosayaneti huwa ya bluu kwa kokeni. Tatizo ni kwamba kemikali hizi haziitambui dawa. Zinatambua umbo fulani la molekuli, na umbo hilo linapatikana pengine pia. Kobalti hugeuka bluu kwa lidokeini, ile ganzi ya daktari wa meno, na kwa difenihidramini, dawa ya mzio inayouzwa bila cheti. Asidi ya salfa nayo huunguza sukari ikawa kahawia, na kahawia ndiyo rangi iliyoko kwenye kadi.

Hilo si la kufikirika. Desemba 2015 mjini Orlando, Florida, askari aliona vipande vyeupe kwenye sakafu ya gari. Kifuko kikasema ni dawa ya jamii ya amfetamini. Dereva akavuliwa nguo, akapekuliwa na kuwekwa rumande kwa saa kadhaa. Maabara ilipopima baadaye haikukuta dawa yoyote: ilikuwa sukari ya juu ya donati. Jiji lilimlipa dola 37,500.

Kosa la mpangilio nalo ni la kawaida. Vichupa vikivunjwa kinyume, rangi inayotokea haina maana yoyote. Vivyo hivyo kwa kifuko kilichokaa kwenye buti la gari kiangazi kizima, au kilichotiwa unga mwingi kupita kiasi.

Na ile leza?

Ni bora kwa mbali. Kifaa kama TruNarc hurusha mwanga wa leza, hupima namna unavyotawanyika na kulinganisha alama hiyo na maktaba ya alama za dawa zilizohifadhiwa ndani yake. Hupenya mfuko wa plastiki angavu au kioo, kwa hiyo sampuli haiguswi wala haiharibiwi, jambo lenye thamani kwa mtuhumiwa: unga unabaki mzima kwa maabara.

Udhaifu wake ni tofauti na wa kifuko. Haipenyi karatasi nene, bati wala kitambaa. Heroini ya kahawia hung'aa chini ya leza hadi alama inafunikwa. Na kwenye mchanganyiko, kifaa huona kilicho kingi: fentanili, dawa ya kutuliza maumivu yenye nguvu mno, ikiwa asilimia chache tu ndani ya unga, kifaa kitakutajia sukari ya kuchanganyia na kunyamaza kuhusu fentanili. Kwa ufupi, leza hukosea zaidi kwa kutoona. Kifuko hukosea zaidi kwa kuona kisichokuwepo.

Mashine ilipata kokeni kwenye pesa au begi langu. Sijawahi kuigusa.

Inawezekana kabisa. Mashine ya kunusa hukipasha moto kile kitambaa kilichofutia, huzipa chembe chaji ya umeme na kupima muda zinaotumia kusafiri ndani ya bomba. Inakamata nanogramu, yaani sehemu ya bilioni ya gramu. Noti nyingi za dola na za pauni zina chembe za kokeni, kwa sababu noti moja iliyotumiwa na mvutaji huchafua mashine ya kuhesabia, na mashine huchafua mabunda. Baadhi ya polisi wa Uingereza wamewahi kuiweka milangoni mwa baa na vilabu vya usiku, wakifuta viganja vya wanaoingia. Jibu la mashine hapo linasema kiganja kimegusa kitu kilichoguswa na kokeni. Nani aliigusa kwanza, haisemi.

Majibu ya barabarani yanatosha kunitia hatiani?

England na Wales, hapana. Kijiti kinampa askari sababu ya kukukamata na kukupeleka kituoni. Huko damu inatolewa na daktari au mtaalamu wa afya, na kesi inasimama juu ya damu hiyo.

Hapa kuna haki ambayo wengi huipoteza kwa kutoijua: ukiomba pale pale, damu inagawanywa na unapewa sehemu yako. Iombe. Ihifadhi kwenye friji, wala usiiache mfukoni siku nzima, kisha ipeleke maabara huru haraka, maana kokeni huendelea kuvunjika ndani ya chupa. Usidhani maabara haikosei. Novemba 2017 polisi wa Uingereza walitangaza kwamba zaidi ya kesi 10,000 zingepitiwa upya baada ya data kuchezewa katika maabara moja ya binafsi mjini Manchester, na nyingi zilikuwa za barabarani.

Marekani hali ni ngumu zaidi kwa sababu ya kukiri kosa. Mahakama nyingi hazikubali kifuko cha rangi kama ushahidi wa kuhukumu, lakini kesi nyingi hazifiki huko. Mtu aliyeko rumande, asiye na dhamana, anaambiwa akiri leo atoke mapema au asubiri maabara kwa wiki kadhaa. Anakiri. Katika kaunti ya Harris, Texas, watu wengi walikuja kufutiwa hatia baada ya maabara kupima, wao wakiwa walishakiri na kutumikia. Polisi wa Houston, jiji lililomo katika kaunti hiyo, waliacha kutumia vifuko mwaka 2017, ingawa sababu waliyoitoa ilikuwa usalama wa askari dhidi ya fentanili.

Natumia dawa za hospitali. Nifanyeje?

Sheria ya Uingereza ina ukomo pia kwa dawa za matibabu kama diazepamu (mikrogramu 550 kwa lita), mofini (80) na methadoni (500). Unayo kinga ikiwa dawa uliandikiwa au ulipewa kihalali, umeinywa kama ulivyoelekezwa, na huendeshi ukiwa umelewa kwayo. Kinga hiyo haikusaidii kama dawa ni ya mkeo au ya jirani. Beba cheti au boksi lenye jina lako.

Lakini angalia upande wa faragha: ili ujitetee, unalazimika kutaja ugonjwa wako barabarani, mbele ya abiria wako na kamera ya kifuani ya askari. Unaruhusiwa kuomba mzungumze pembeni, na si lazima ueleze historia nzima. Jina la dawa na aliyekuandikia vinatosha kwa hatua ile.

Mirungi je?

Miraa ni zao halali Kenya. Tanzania mirungi ni marufuku, na Uingereza iliipiga marufuku tarehe 24 Juni 2014. Katika orodha ya dawa 17 zenye ukomo wa damu England na Wales, kathinoni, kiini cha mirungi, haimo. Usifurahi mapema: ipo sheria nyingine ya kuendesha ukiwa umeathiriwa, na hiyo haijali dawa ni ipi.

Naweza kukataa kupimwa?

Uingereza, askari anaweza kusimamisha gari lolote, lakini kukupima mate anahitaji msingi: ashuku kuna kilevi au dawa mwilini, uwe umevunja sheria ya barabarani gari likitembea, au kumetokea ajali. Muulize ni upi kati ya hiyo. Msingi ukiwepo, kukataa bila sababu ya maana ni kosa: faini hadi pauni 1,000 na pointi 4 kwenye leseni. Kukataa kutoa damu kituoni ni kosa kubwa zaidi, lenye kifungo hadi miezi 6 na kunyang'anywa leseni si chini ya miezi 12, sawa na aliyekutwa na dawa. Kwa hiyo kukataa hakukuokoi.

Marekani kila jimbo lina lake. Michigan ilianza majaribio ya mate mwaka 2017 katika kaunti 5. Kuhusu damu, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2016, kesi ya Birchfield, kwamba pumzi inaweza kupimwa baada ya kukamatwa bila kibali cha hakimu, ila damu kwa kawaida inahitaji kibali. Sababu mojawapo ni ya faragha tupu: chupa ya damu inaweza kutoboa siri nyingi kuliko kiasi cha pombe.

Kupima unga au gari langu ni upekuzi?

Mwaka 1984, katika kesi ya Jacobsen, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kupima unga kwa kemikali si upekuzi, kwa hoja kwamba kipimo hufichua jambo moja tu: ni kokeni au si kokeni. Hoja ni nzuri kama kipimo ni sahihi. Kwa kifuko kinachogeuka rangi kwa dawa ya mzio, inapwaya, na sisi tunaona mahakama iliipa kemikali ile sifa isiyostahili.

Nyumba ni habari nyingine. Mwaka 2001, kesi ya Kyllo, kupima joto la nyumba kutoka barabarani ili kugundua taa za kukuzia bangi kulihesabiwa upekuzi unaohitaji kibali. Mwaka 2013, kesi ya Jardines, mbwa wa kunusa aliyepelekwa barazani naye vilevile.

Na muda una uzito wake. Kesi ya Rodriguez ya mwaka 2015 ilihusu dereva wa Nebraska aliyezuiliwa dakika 7 au 8 za ziada, baada ya shughuli ya trafiki kumalizika, ili mbwa alizunguke gari. Mahakama ilisema haifai kurefusha hivyo bila shaka ya msingi. Kumbuka kijiti cha mate kinahitaji dakika kama 8.

Mate yangu yatatumika kuchukua DNA?

Ukanda wa kingamwili hausomi DNA, ingawa seli zako zimebaki kwenye kichwa cha kijiti. Njia halisi ya DNA yako kuingia kwenye kanzidata ni nyingine: ukikamatwa Uingereza kwa kosa hili, polisi wanaruhusiwa kuchukua alama za vidole na kusugua shavu kwa pamba maalumu. Marekani, kesi ya Maryland dhidi ya King (2013) iliruhusu jambo hilohilo kwa makosa mazito.

Mwaka 2008 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya S na Marper, ilikataza Uingereza kuweka bila kikomo DNA ya watu wasiotiwa hatiani. Sheria ilibadilishwa: sampuli yenyewe huharibiwa ndani ya miezi 6, na rekodi ya asiye na hatia kwa kosa la aina hii hufutwa. Aliyetiwa hatiani huwekwa. Mwaka 2020, kesi ya Gaughran, mahakama hiyohiyo iliona hata hilo limezidi. Mlalamikaji alikuwa dereva wa Ireland ya Kaskazini aliyekutwa na pombe kupita kiasi.

Nini kingine kinabaki kwenye rekodi?

Kijiti hakihifadhi kitu, ila leza na mashine za kusomea kaseti huhifadhi kila jibu pamoja na saa na tarehe. Picha za kamera ya kifuani zisizo na ushahidi mara nyingi hufutwa baada ya siku 31, kwa hiyo ukizitaka zikutetee, usingoje. Andika ombi la kupata taarifa zako kwa kikosi husika, ukitaja tarehe, saa, barabara na namba ya gari. Ni bure na wana mwezi mmoja wa kujibu. Hatia ikithibitika, alama DG10, ya kuendesha ukiwa na dawa kupita ukomo, hukaa kwenye leseni miaka 11, na kampuni za bima huiona.

Je, kuna mtu aliyewahi kuumizwa na jibu lililotangazwa mapema?

Yupo, tena mwanzoni kabisa. Desemba 2004 jimbo la Victoria, Australia, lilianza kupima mate ya madereva bila kuhitaji shaka yoyote, la kwanza duniani. Polisi waliita waandishi wa habari. Dereva wa kwanza kuonekana ana dawa alipigwa picha palepale kando ya barabara ya Melbourne, na sura yake ikazunguka dunia. Sampuli yake ilipofika maabara haikuwa na dawa. Aliwafungulia kesi polisi, wakamalizana nje ya mahakama.

Kwa Tanzania na Kenya, nani analinda taarifa hizi?

Tanzania, Katiba ibara ya 16 inatambua faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikisimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 na sheria ya data ya 2019. Kote kuwili taarifa za afya ni nyeti, na kote kuwili sheria imeviachia vyombo vya dola mlango. Kwa Tanzania, ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayothibitisha dawa mahakamani. Kwa hiyo swali la kuuliza mapema ni sampuli ilifungwaje, nani aliisaini na ilifika kwa Mkemia tarehe ngapi.

Nikisimamishwa, niandike nini?

Saa uliyosimamishwa na saa kijiti kilipoanza kuhesabiwa. Namba ya askari. Jina la kifaa na namba ya toleo kwenye pakiti. Ulikula au ulikunywa nini, lini. Kipimo kilirudiwa mara ngapi. Kijiti kilisomwa wapi, kwa taa gani, na kama ulionyeshwa mistari yenyewe. Ukiweza, andika usiku huohuo kabla hujalala.